Carl Sagan, Mtuma Salamu Angani

Mwaka huu nawaletea maisha ya mtu aliyetuma salamu mbali kuliko sote. Jina lake Carl Sagan.

Alizaliwa tarehe 9 Novemba 1934 mtaani Brooklyn, New York, Marekani. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka milki ya Urusi, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Akiwa mtoto, Sagan alikwenda maktaba kuomba kitabu cha nyota. Kumbe mhudumu akamletea picha za nyota wa sinema! Alipoeleza vizuri alipewa alichotaka, na humo akasoma kwamba kila nyota ni jua lililo mbali sana. Tangu hapo hakurudi nyuma.

Alisomea Chuo Kikuu cha Chicago, akapata shahada ya uzamifu mwaka 1960. Alieleza kwamba sayari ya Zuhura ni kama tanuri kwa sababu hewa yake nzito hunasa joto. Harvard ilipomnyima kazi ya kudumu mwaka 1968, hakukata tamaa. Alihamia Cornell, akafundisha huko maisha yake yote.

Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili visivyo na watu, Voyager 1 na Voyager 2. Vilipita Mshtarii mwaka 1979, kisha Zohali mwaka 1980 na 1981. Voyager 2 pekee kikaendelea hadi Uranusi mwaka 1986 na Neptuni mwaka 1989. Voyager 1 huenda kama kilomita 17 kwa sekunde. Yaani Lodwar hadi Kakuma, safari inayotuchosha ndani ya matatu, kingeimaliza kwa sekunde zisizofika kumi!

Sagan ndiye aliyeongoza kamati iliyotayarisha santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, ikafungwa katika kila chombo. Shabaha ilikuwa kwamba viumbe wa huko, kama wapo, watujue. Ndani mna picha, muziki na salamu kwa lugha 55. Kiganda cha majirani zetu kimo. Wimbo wa wasichana wa Kimbuti kutoka msitu wa Ituri, Kongo, umo pia. Je, Kiswahili? Hakimo! Asiyekuwapo na lake halipo.

Jambo hilo liliniuma. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na humo Mkongo, Mrundi, Msomali na Mturkana hupatana bei kwa Kiswahili. Lugha inayokutanisha watu wa namna hiyo ndiyo iliyoachwa ardhini.

Hata hivyo simlaumu Sagan. Ni yeye aliyewasihi wakubwa kwa miaka kadhaa wageuze kamera ya Voyager 1 itazame nyuma. Mwaka 1990, kutoka kilomita bilioni 6 hivi, dunia ilionekana kama chembe moja ya vumbi. Katika chembe hiyo Lodwar imo, Nairobi imo, na mpaka wa nchi hauonekani hata mmoja.

Sagan alifariki tarehe 20 Desemba 1996 akiwa na miaka 62. Voyager 1 kilivuka hadi anga la katikati ya nyota mwaka 2012, naye hakuwepo kushangilia. Salamu zake bado zasafiri.

Basi wanachama wenzangu, fizikia tusiikimbie na Kiswahili tusikidharau. Siku chombo kingine kitakapobeba salamu, anayeandika orodha ya lugha awe mmoja wetu.