Mchungaji Thomas Bayes na Hesabu ya Mambo Yasiyoonekana

Katika ukurasa huu wa maisha ya watumishi wa zamani tumezoea kuwaletea wamisionari na watunzi wa nyimbo. Safari hii tunamleta mchungaji ambaye hakufika Afrika, hakutunga wimbo, wala hasifiwi kwa mahubiri yake. Jina lake linatajwa leo katika vyuo vikuu na hospitali za dunia nzima kwa sababu ya karatasi aliyoiacha nyumbani bila kuichapisha.

Thomas Bayes alizaliwa Uingereza karibu na mwaka 1701. Baba yake, Joshua Bayes, alikuwa mchungaji mjini London, lakini nje ya Kanisa la taifa. Jambo hili linahitaji maelezo. Mwaka 1662 sheria iliwataka wachungaji wote wa nchi ile wakubali kitabu cha sala cha Kanisa la Anglikana. Karibu 2,000 walikataa, wakapoteza makanisa yao na nyumba zao. Mwaka 1665 ikaja sheria nyingine ya kuwakataza wasikaribie mahali walipokuwa wakihudumu, umbali wa kilomita nane hivi. Wazee wale walijua maana ya kufunga mizigo na kuondoka kati ya watu wanaowafahamu. Mwaka 1689 waliruhusiwa kuabudu, lakini watoto wao bado hawakuweza kupata shahada Oxford wala Cambridge. Ndiyo sababu mwaka 1719 kijana Thomas alikwenda Edinburgh, huko Uskoti, akasoma mantiki na theolojia. Wazazi wenye vijana wanaotafuta chuo ng'ambo ya mpaka wataelewa bila sisi kuongeza neno.

Aliporudi alimsaidia baba yake kazi ya kanisa London. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1730, akawa mchungaji wa kanisa dogo la Presbiteri katika mji wa Tunbridge Wells. Mji huo ulijulikana kwa chemchemi ya maji yenye chuma, na wagonjwa na matajiri walikwenda kuyanywa wakitumaini kupona. Wale wetu wanaoijua Rubona, kusini kidogo mwa mji wa Gisenyi, wakumbuke zile chemchemi za maji ya moto kando ya Ziwa Kivu, na watu wanaokwenda kuoga na kukanda miguu yao. Mchungaji Bayes aliishi miaka mingi mahali pa namna hiyo, ambapo kila mtu ana habari ya mgonjwa aliyepona, na wachache wanauliza ni wangapi walikunywa wasipone.

Hakuoa. Mwaka 1731 ulitoka kitabu chake kidogo kuhusu wema wa Mungu. Mwaka 1736 aliandika kingine, bila kuweka jina lake, akitetea hesabu za Isaac Newton zilizokuwa zimeshambuliwa na Askofu George Berkeley. Kwetu sisi inapendeza kuona askofu na mchungaji wakibishana juu ya hesabu, na mchungaji ndiye akawa upande wa wanahesabu. Mwaka 1742 alipokelewa katika Shirika la Kifalme la wanasayansi la London. Mwaka 1752 aliacha kazi ya uchungaji, akaendelea kukaa mji ule ule.

Sasa tuje kwenye ile karatasi. Elimu ya uwezekano ilianza kwa wacheza kamari, na hilo hatulifichi. Walitaka kujua dado zitaangukaje. Aliyeiendeleza sana London alikuwa Abraham de Moivre, Mprotestanti aliyekimbia Ufaransa baada ya mfalme kufuta haki za Waprotestanti mwaka 1685. Mkimbizi huyo aliishi kwa kufundisha watu hesabu na hakuwahi kupata kazi ya chuo kikuu. Yeye alionyesha kwamba bahati, ikirudiwa mara nyingi, ina umbo lake. Chukueni mfano wa wavuvi wa sambaza wa Rubona, wanaotoka jioni na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti. Hakuna ajuaye usiku wa leo utaleta ndoo ngapi. Lakini mtu akiandika ndoo za kila usiku kwa mwaka mzima, ataona mpangilio: usiku wa kurudi mikono mitupu, usiku wa neema, na katikati usiku mwingi wa kawaida. Mpangilio huo wanahesabu huuita mgawanyo. Na ukiambiwa kwamba usiku huu mwezi ni mpevu, unapunguza matumaini yako hata kabla mitumbwi haijatoka, kwa maana taa za wavuvi haziwavuti samaki vizuri penye mbalamwezi.

De Moivre na wenzake walijua kutoka sababu kwenda matokeo. Bayes aligeuza njia: tukishayaona matokeo, tunaweza kusema nini juu ya sababu iliyofichika? Alifikiria meza iliyo sawasawa. Mpira unarushwa juu yake, unasimama mahali, lakini wewe huoni ni wapi. Kisha mpira mwingine unarushwa mara nyingi, na kila mara unaambiwa tu kama umesimama kulia au kushoto kwa ule wa kwanza. Kila habari inasogeza kidogo makisio yako, na mwishowe unajua kwa karibu mahali ambapo hukupaona kamwe.

Tuichukue kanuni hiyo mpaka mpakani kwetu. Kati ya mwaka 2018 na 2020 ugonjwa wa Ebola uliua zaidi ya watu 2,200 mashariki mwa Kongo. Mwezi Julai 2019 mgonjwa wa kwanza alithibitishwa Goma, jirani kabisa na Gisenyi, penye mpaka uliokuwa ukivukwa na makumi ya maelfu ya watu kwa siku. Watu wakanawa mikono, wakapimwa joto, wakaogopana. Tuseme, kwa mfano tu, watu 10,000 wamevuka. Mmoja ana Ebola na ana homa. Wengine 200 wana homa ya malaria, mafua na mengineyo. Basi wenye homa ni 201, na mwenye Ebola kati yao ni mmoja tu. Anayemwona jirani yake akitetemeka na kupiga kelele kwamba ameleta kifo kambini amewasahau wale 200. Lakini tuseme tena kwamba kati ya hao 201, wanne tu walimuuguza au kumzika mgonjwa wa Ebola, na yule mmoja yumo. Sasa ni mmoja kwa wanne, na kila mmoja wao lazima atengwe na kupimwa upesi. Homa ni ile ile, ila habari iliyoongezeka imebadilisha uzito wake. Rwanda haikupata mgonjwa hata mmoja katika mlipuko ule.

Kwa hiyo wahudumu wa afya wanapouliza umetoka wapi na umemgusa nani, wapendwa, hawatafuti kabila lako. Wanaitafuta namba ya kuanzia. Hata habari za nyumbani tunazoletewa, kwamba kumetulia na turudi, zina hesabu hii. Shahidi mmoja anasogeza makisio, lakini mashahidi kumi waliosikia kwa mtu yule yule mmoja ni shahidi mmoja bado. Mama anayeamua kurudi na watoto watano ana haki ya kuuliza nani aliona kwa macho yake.

Bayes alifariki Aprili 1761. Karatasi zake zilimfikia mchungaji mwenzake, Richard Price, mtu wa Wales, aliyeona thamani ya ile moja, akaitengeneza kwa muda mrefu. Ilisomwa mbele ya Shirika la Kifalme tarehe 23 Desemba 1763, siku mbili kabla ya Krismasi. Haikuvuma. Mfaransa Pierre-Simon Laplace aliifikia kanuni hiyo kwa njia yake mwenyewe mwaka 1774, na ndiye aliyeikuza. Picha ya Bayes inayochapishwa vitabuni haina uhakika kama ni yake.

Alizikwa London katika makaburi ya Bunhill Fields, walikozikwa wengi wa wale waliokuwa nje ya Kanisa la taifa, kama John Bunyan na Isaac Watts mtunzi wa nyimbo, na pia alikozikwa Susanna Wesley, mama yao John na Charles. Kaburi la familia ya Bayes lilitengenezwa upya mwaka 1969 kwa michango ya wanatakwimu kutoka pande zote za dunia.