Renoir: mchoraji aliyeishi na baridi yabisi, na familia iliyompunguzia maumivu

Pierre-Auguste Renoir alizaliwa mwaka 1841 mjini Limoges, Ufaransa, mtoto wa fundi cherehani. Akiwa bado kijana mdogo alianza kazi ya kupaka michoro kwenye vyombo vya kaure jijini Paris, na tangu hapo vidole vyake vikawa mtaji wake. Leo picha zake zimo katika makumbusho makubwa duniani. Wengi wanaozitazama hawajui kwamba nyingi kati ya hizo zilichorwa na mtu aliyekuwa na maumivu makali ya viungo kila siku.

Ugonjwa ulimwanza akiwa na umri wa miaka 50 hivi. Mwaka 1897 alianguka na baiskeli akavunjika mkono wa kulia, na miaka iliyofuata hali ilizidi kuwa mbaya. Vidole vilipinda kuelekea kiganjani, bega la kulia likakaza, na mwili ukakonda. Alianza kutembea kwa fimbo, na kufikia mwaka 1912 alikuwa kwenye kiti cha magurudumu.

Huu ndio ugonjwa tunaouita baridi yabisi. Kwa sababu ya jina hilo, wengi huamini unaletwa na baridi, kuoga maji ya usiku au kukanyaga sakafu bila viatu. Sivyo. Kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utando wa ndani ya viungo. Viungo huvimba, na visipotibiwa huharibika na kupinda. Renoir naye alifuata joto: mwaka 1907 alinunua shamba la mizeituni huko Cagnes, kusini mwa Ufaransa, na akajenga nyumba hapo. Joto linatuliza maumivu na kulegeza viungo vilivyokaza, lakini halizuii ugonjwa kuendelea. Ndivyo ilivyokuwa kwake.

Dawa za kuzuia ugonjwa huo hazikuwapo. Alichokuwa nacho ni vituliza maumivu vya wakati ule, chemchemi za maji moto, na watu wa nyumbani kwake. Hao ndio ninaotaka tuwatazame.

Ngozi ya viganja vyake ilikuwa laini na rahisi kuchubuka, kwa hiyo walimfunga vitambaa laini mikononi. Wengi wamedhani brashi ilifungwa mkononi kwa vitambaa hivyo, lakini kazi yake ilikuwa kuilinda ngozi. Brashi aliwekewa katikati ya vidole na mtu mwingine. Katika filamu iliyopigwa mwaka 1915, mwanawe mdogo Claude, kijana wa miaka 14 hivi, anaonekana akimsaidia baba yake kushika brashi. Kitandani waliweka fremu ya kuinua shuka ili zisigandamize miguu iliyouma. Kwa picha kubwa alitengenezewa kifaa cha kuviringisha kitambaa cha kuchorea, ili sehemu anayotaka kuichora imfuate pale alipoketi.

Jambo moja linatupa somo gumu. Mwanawe Jean, aliyekuja kuwa mwongozaji maarufu wa filamu, alisimulia kwamba daktari mmoja aliwahi kumsimamisha baba yake hadi akapiga hatua chache. Familia ilifurahi. Lakini Renoir aliona kuwa kutembea kungemaliza nguvu zake zote na zisibaki za kuchora. Akarudi kwenye kiti chake, na watu wake wakaheshimu uamuzi huo.

Watoto wengi huja kliniki wakisema wanataka mama atembee tena. Ni nia njema, ila mama mwenyewe pengine anataka tu aweze kuswali bila kusaidiwa, kusuka ukili, au kulala usiku mzima. Muulize kwanza. Jibu lake ndilo litakalotuongoza kuhusu dawa, mazoezi na vifaa. Kiti cha plastiki cha kuogea, kijiko chenye mpini uliozungushiwa kitambaa ukawa mnene, au mkeka uliobadilishwa kwa kitanda cha kimo kinachofaa, vinaweza kumpunguzia maumivu mengi.

Hata hivyo, tusimuige Renoir katika kukosa dawa. Karibu miaka 30 baada ya kifo chake, mwaka 1948, wagonjwa wa kwanza wa baridi yabisi walipewa kotizoni huko Marekani. Siku hizi tuna methotreksati na nyingine zinazopunguza kasi ya ugonjwa wenyewe. Mzee ambaye viungo vidogo vya mikono yote miwili vimevimba, na ambaye asubuhi hukaza kwa zaidi ya nusu saa, asiambiwe ni uzee tu. Apelekwe hospitali mapema, kwa sababu kiungo kilichokwisha kupinda dawa hainyooshi.

Anayemhudumia mzazi azingatie haya. Methotreksati ya baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kunaweza kuua. Chagueni siku moja, iandikeni ukutani, na damu ipimwe kama daktari alivyoagiza. Diklofenaki na ibuprofeni hutuliza, lakini kwa mzee mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa figo au vidonda vya tumbo ni hatari, hivyo zisinunuliwe dukani bila ushauri. Parasetamoli ya miligramu 500 isizidi vidonge 8 kwa saa 24, na kwa mzee aliyekonda au mwenye ugonjwa wa ini dozi iwe ndogo zaidi. Dawa za jamii ya kotizoni zina nafasi yake, ila zikitumika muda mrefu hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari, na haziachwi ghafla.

Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto na mzee ana homa, au akipata choo cheusi kama lami, msisubiri siku ya kliniki. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Mke wa Renoir, Aline, alifariki mwaka 1915, mwaka ambao Jean naye alijeruhiwa mguu vitani. Mzee aliendelea kuchora. Picha yake kubwa ya mwisho, ya wanawake waliotoka kuoga, aliimaliza mwaka 1919, na wanawe waliikabidhi kwa taifa la Ufaransa. Alifariki tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa na miaka 78. Maumivu hayakumwacha hata mwishoni, lakini kila asubuhi aliyoweza kuketi, palikuwa na mtu wa kumwekea brashi mkononi.