William Beaumont

William Beaumont (Lebanon, Connecticut, 21 Novemba 1785 – St. Louis, Missouri, 25 Aprili 1853) alikuwa daktari wa jeshi la Marekani aliyepata umaarufu kwa kuchunguza mmeng'enyo wa chakula.

Tarehe 6 Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac, kijana Mkanada Alexis St. Martin, mfanyakazi wa biashara ya manyoya, alipigwa risasi kwa bahati mbaya akatobolewa tumbo. Hakutegemewa kuishi. Beaumont alimtibu hadi akapona, lakini tundu halikuziba.

Kuanzia mwaka 1825 Beaumont alifunga vipande vya nyama, mkate na kabichi kwa uzi wa hariri, akaviingiza katika tundu hilo na kuvitoa baada ya muda ili aone vimefikia wapi. Kitabu chake cha mwaka 1833 kina majaribio zaidi ya 200. Kilionyesha kwamba chakula huyeyushwa na maji ya tumbo yenye asidi hidrokloriki, na kwamba homa na hasira hubadilisha hali ya tumbo. Matibabu ya vidonda vya tumbo kwa kupunguza asidi yanategemea ujuzi huo, ingawa bakteria Helicobacter pylori, chanzo kikuu cha vidonda hivyo, ilitambuliwa miaka ya 1980 tu.

St. Martin alikuwa pia mtumishi wake. Hakujua kuandika, hivyo mkataba wa majaribio aliutia alama ya X tu, jambo linalolaumiwa hadi leo. Baada ya mwaka 1834 alibaki kwao Kanada, wala barua za Beaumont hazikumrudisha. Alifariki mwaka 1880, miaka 27 baada ya daktari wake, tundu likiwa bado wazi.