George Washington Williams: Mmarekani mweusi aliyetia saini waraka wa kumshitaki Mfalme Leopold

Miji ya Gisenyi na Goma imeshikana kiasi kwamba, pasipo vizuizi vya mpakani, mgeni angeweza kudhani ni mji mmoja. Gisenyi, katika wilaya ya Rubavu, iko Rwanda. Goma iko Kongo. Anayetaka kutoka upande mmoja kwenda wa pili hudaiwa karatasi, na mpaka wenyewe ulizaliwa kwenye karatasi.

Tarehe 1 Agosti 1885, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliyatangazia mataifa mipaka ya dola yake mpya ya Kongo. Upande wa mashariki, mpaka huo ulikuwa mstari mnyoofu uliochorwa kutoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika kuelekea kaskazini. Kwa mujibu wa mstari huo, Ziwa Kivu lote pamoja na ardhi ambayo Gisenyi imesimama juu yake vilikuwa ndani ya Kongo, ingawa hapakuwa na Mzungu aliyekuwa amefika huko. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliliona ziwa hilo mwaka 1894, na ni mwezi Agosti 1910 tu ndipo mkataba uliotiwa saini mjini Brussels ulipoiacha Gisenyi mikononi mwa Wajerumani na Goma mikononi mwa Wabelgiji.

Karatasi ya kwanza kumpa Leopold hadhi mbele ya mataifa haikuandikwa Ulaya. Iliandikwa Washington. Tarehe 22 Aprili 1884, Frederick Frelinghuysen, Waziri wa Mambo ya Nje katika serikali ya Rais Chester Arthur, alitia saini tamko la kuitambua bendera ya jumuiya ya mfalme huyo nchini Kongo. Marekani ikawa nchi ya kwanza kufanya hivyo, na nyingine zikafuata.

Miaka sita baadaye, Mmarekani mwingine, asiye na cheo wala jeshi, aliandika karatasi ya kulijibu tamko hilo. Jina lake lilikuwa George Washington Williams.

Askari mwenye umri wa miaka 14

Williams alizaliwa tarehe 16 Oktoba 1849 huko Bedford Springs, jimbo la Pennsylvania, katika familia ya watu weusi walio huru. Alikulia katika nchi iliyokuwa ikielekea vitani kwa sababu ya utumwa. Tarehe 1 Januari 1863, Rais Abraham Lincoln alitia saini Tangazo la Ukombozi, ambalo liliwatangaza kuwa huru watumwa wa majimbo yaliyoasi na kufungua milango ya jeshi kwa wanaume weusi. Kijana Williams hakungoja kufikia umri unaotakiwa. Akiwa na miaka 14 alijiandikisha kwa jina la kubuni na kupigana katika miezi ya mwisho ya vita.

Vita vilipokwisha, alivuka mpaka kuingia Mexico na kujiunga na jeshi la wapigania jamhuri waliokuwa wakimpinga Mfalme Maximilian. Kisha akarudi na kuingia kikosi cha kumi cha wapanda farasi wa Marekani, kimojawapo cha vikosi vya askari weusi. Mwaka 1868 alipigwa risasi iliyomjeruhi pafu, na mwaka huo huo akaachishwa jeshi.

Wakati huo elimu yake ilikuwa haba. Lakini mwaka 1874 alihitimu chuo cha theolojia cha Newton, karibu na Boston, akiwa mtu mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Alikuwa mchungaji wa kanisa la Kibaptisti mjini Boston na baadaye Cincinnati, akaanzisha gazeti, akasomea sheria katika ofisi ya Alphonso Taft, mwanasheria mashuhuri ambaye mwanawe angekuja kuwa rais wa Marekani. Mwaka 1879 alichaguliwa kuingia bunge la jimbo la Ohio, mtu mweusi wa kwanza kuketi humo.

Mkusanyaji wa ushahidi

Kazi iliyompa Williams jina la kudumu haikuwa ya bungeni. Ilikuwa ya kukusanya hati. Wakati ambapo vitabu vya historia ya Marekani viliwataja watu weusi kwa uchache, na mara nyingi kwa dharau, yeye alitumia miaka kupekua maktaba, kumbukumbu za mahakama, sheria za makoloni, magazeti ya zamani na ripoti za kijeshi. Alitafuta pia ushuhuda wa askari weusi waliokuwa wangali hai. Matokeo yake yalikuwa historia ya watu weusi nchini Marekani kuanzia mwaka 1619 hadi 1880, iliyochapishwa katika juzuu mbili mnamo 1882 na 1883. Baadaye akaandika kitabu kingine kuhusu askari weusi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Nchini Marekani kuna watu wengi wanaokusanya hati zenye saini za viongozi wa zamani, na baadhi ya hati hizo zina thamani ya kushangaza. Mwaka 1864 zilichapishwa nakala 48 za Tangazo la Ukombozi, Lincoln akazitia saini ili ziuzwe kusaidia askari wagonjwa na majeruhi. Nakala moja kati ya hizo iliuzwa mwaka 2010 kwa zaidi ya dola milioni 3.7. Saini ya Button Gwinnett, mmoja wa waliotia saini Azimio la Uhuru mwaka 1776, husakwa kwa sababu tu mwenyewe alikufa mwaka uliofuata na kuacha chache. Mkusanyaji wa namna hiyo huangalia kwanza ni nani aliyetia saini.

Williams alikusanya kwa jicho tofauti. Swali lake lilikuwa hati inathibitisha nini, na kwa faida ya nani. Ndiyo sababu hesabu ya mkuu wa kikosi iliyosahaulika, au maelezo ya askari asiye na cheo, vilikuwa kwake na uzito kuliko barua ya jenerali.

Saini ya rais isiyofua dafu

Yeye mwenyewe alipata kujifunza udhaifu wa saini kubwa. Mwanzoni mwa Machi 1885, zikiwa zimebaki siku chache aondoke madarakani, Rais Arthur alimteua kuwa mwakilishi wa Marekani nchini Haiti. Baraza la Seneti liliidhinisha, na Williams akala kiapo. Lakini serikali mpya ya Rais Grover Cleveland ilikataa kumpa nafasi hiyo. Alikuwa na uteuzi wa rais, idhini ya Seneti na kiapo, na bado hakuwa na kazi.

Williams hakuwa malaika. Alijiita kanali na kudai shahada ambayo hakuwa nayo. Alikuwa na madeni, na alimwacha mkewe, Sarah, waliyefunga ndoa mwaka 1874, pamoja na mtoto wao. Udhaifu huo ungetumiwa dhidi yake baadaye.

Safari ya Kongo

Mwaka 1889 alikwenda Brussels kama mwandishi wa habari, wakati mji huo ukiandaa mkutano wa mataifa dhidi ya biashara ya utumwa. Alikutana na Leopold na kuvutiwa naye. Mfalme alijitambulisha kuwa mfadhili asiyetaka faida, anayewapelekea Waafrika amani na maendeleo. Williams aliamini, na akabuni mpango wa kuwaajiri Wamarekani weusi wenye ujuzi wakafanye kazi Kongo. Alikwenda hata katika chuo cha Hampton, Virginia, kutafuta watu. Wanafunzi wakamuuliza maswali kuhusu nchi hiyo naye hakuwa na majibu. Basi akaamua kwenda kujionea.

Mwezi Desemba 1889 Rais Benjamin Harrison alimpokea Ikulu. Tajiri wa reli, Collis Huntington, alichangia gharama za safari. Huko Brussels mfalme na wasaidizi wake walijaribu kumshawishi aahirishe safari, lakini hakukubali. Mwanzoni mwa mwaka 1890 alisafiri kwa meli kutoka Liverpool.

Kwa takriban miezi sita alipanda mto Kongo, akiuliza maswali na kuandika majibu, kama alivyozoea. Alifika hadi Maporomoko ya Stanley, palipo Kisangani ya leo. Huko aliingia katika eneo ambalo Kiswahili kilikuwa kimekwisha kutia mizizi kupitia wafanyabiashara wa Zanzibar. Liwali wa eneo hilo alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ambaye Februari 1887, kwa mkataba uliotiwa saini Zanzibar, alikubali kulitawala kwa niaba ya Leopold kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Hivyo mfalme aliyekuwa akihubiri vita dhidi ya utumwa alikuwa amemwajiri mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa pembe na watumwa.

Waraka wa Julai 1890

Tarehe 18 Julai 1890, akiwa hapo kwenye Maporomoko ya Stanley, Williams aliandika barua ya wazi kwa Leopold na kuitia saini. Ndani yake aliorodhesha mashitaka 12.

Alianza na mikataba. Mawakala wa mfalme walikuwa wamerudi Ulaya na mamia ya karatasi zenye alama za machifu, na karatasi hizo zilitumika kuthibitisha kwamba nchi ilitolewa kwa hiari. Williams alieleza jinsi alama hizo zilivyopatikana. Wakala wa kizungu alificha betri za umeme ndani ya koti na kuunganisha waya mpaka kiganjani. Chifu alipompa mkono alishtuka, akaambiwa hiyo ndiyo nguvu ya mtu mweupe. Kwingineko walitumia lenzi kuwasha sigara kwa jua na kudai kwamba wanaliamuru jua lenyewe. Kwa hila kama hizo, na kwa masanduku machache ya pombe, vijiji vizima vilitwaliwa.

Aliendelea kueleza askari wasiolishwa, waliojipatia chakula kwa kupora vijiji, kuchomwa kwa nyumba, wafungwa wenye minyororo shingoni, wanawake waliotekwa, na serikali iliyonunua watu huku ikijiita mkombozi wao. Alieleza pia alichokikosa. Hakukuta shule za maana wala hospitali zilizostahili jina hilo.

Mwezi Septemba mwaka huo alimwandikia Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, James Blaine, na kuyaita yanayotendeka Kongo makosa dhidi ya ubinadamu. Ilikuwa zaidi ya nusu karne kabla ya istilahi hiyo kuingia katika kesi za Nuremberg. Mwezi Oktoba, akiwa Luanda, alikamilisha ripoti kwa Rais Harrison. Humo alikumbusha kwamba Marekani ndiyo iliyotangulia kuitambua bendera ya Leopold, na kwa hiyo ilikuwa na wajibu.

Kaburi lisilo na jina

Barua ilichapishwa kama kijitabu na kusambazwa Ulaya na Marekani. Magazeti ya New York na Paris yaliitangaza. Nchini Ubelgiji ilizua mjadala bungeni mwaka 1891, na maafisa wa Kongo wakaandaa ripoti ndefu ya kuijibu. Sehemu kubwa ya mashambulizi haikugusa mashitaka yenyewe. Ilimgusa mtu. Waliuliza huyu Williams ni nani, ukanali wake aliupata wapi. Serikali ya Marekani haikuchukua hatua.

Naye hakuwa na muda wa kujitetea. Kifua kikuu kilimzidia akiwa Cairo. Akafika Uingereza, akapelekwa mji wa pwani wa Blackpool kwa matumaini kwamba hewa ya bahari ingemsaidia. Alifariki huko tarehe 2 Agosti 1891, akiwa na miaka 41, akazikwa katika kaburi lisilo na jiwe wala jina.

Mashitaka yake hayakuzikwa naye. Mwaka 1904 ripoti ya balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, ilithibitisha mateso nchini Kongo, wakati huo yakiwa yamezidishwa na uvunaji wa mpira. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Kabla ya makabidhiano, mwezi Agosti, kumbukumbu za dola yake zilichomwa katika tanuri mjini Brussels kwa muda wa siku nane.

Waraka wa Williams haukuingia katika moto huo, kwa kuwa haukuwa mikononi mwa mfalme peke yake. Nakala zilikuwa zimetawanyika katika miji ambayo amri yake haikufika. Hata hivyo, zilihitaji mtu wa kuzitafuta. Mwaka 1945 mwanahistoria Mmarekani mweusi, John Hope Franklin, alianza kufuatilia barua, ripoti na kumbukumbu za Williams katika nchi kadhaa, kama Williams mwenyewe alivyowafuatilia askari waliosahauliwa. Kazi hiyo ilichukua miaka 40, na wasifu aliouandika ulichapishwa mwaka 1985.

Miaka kumi kabla ya kitabu hicho kutoka, Franklin alikuwa amelipata kaburi la Blackpool. Mwaka 1975 jiwe likawekwa juu yake, na jina la George Washington Williams likaandikwa.