Sista Mary Kenneth Keller, mtawa aliyeipa kompyuta kazi ya fomula

Huku kwetu Mbinga kikombe cha kahawa hakikai na moto, hasa Juni na Julai. Teremka Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, na kahawa ileile itachelewa kupoa. Kasi ya kupoa hufuata tofauti ya joto kati ya kahawa na hewa. Maneno hayo yakiandikwa kihesabu huwa mlinganyo wa mabadiliko, ule unaowatoa jasho vijana wetu wa kidato cha sita. Je, mashine inaweza kusaidia kugundua kanuni katika hesabu za namna hii? Mmoja wa waliolishika swali hilo mapema alikuwa mtawa.

Alizaliwa Cleveland, Marekani, tarehe 17 Desemba 1913, akaitwa Evelyn Marie Keller. Mwaka 1932 aliingia Shirika la Masista wa Upendo wa Bikira Maria Mwenyeheri, akaweka nadhiri mwaka 1940. Alisoma hisabati katika Chuo Kikuu cha DePaul, Chicago: shahada ya kwanza mwaka 1943, ya pili mwaka 1953.

Shahada ya uzamivu katika sayansi ya kompyuta aliipata Chuo Kikuu cha Wisconsin, Juni 1965, akiwa na miaka 51. Kwetu huo ni umri wa kuanza kuhesabu miaka ya kustaafu.

Katika tasnifu yake alitunga, kwa lugha ya FORTRAN, taratibu za kuiwezesha kompyuta kupokea fomula ya aljebra na kutoa fomula ya kasi ya badiliko lake. Haikutoa namba tu. Ilitoa fomula yenyewe, kwa herufi. Swali kubwa limo katika jina la tasnifu: tunakisiaje kanuni ya jumla kutokana na mifumo iliyozalishwa na kompyuta?

Tuchukue mfano wetu wenyewe. Anza na moja gawa kwa x, utafute kasi ya badiliko, halafu kasi ya hiyo kasi, uendelee. Ukiacha alama za kutoa, juu zinatokea 1, 2, 6, 24. Utakisia kwamba inayofuata ni 120, na hukukosea. Lakini hujathibitisha kitu. Mashine italeta mifano elfu kabla hujanoa penseli, na hata hiyo elfu ni mifano tu. Mwanafunzi anayeishia hapo tunamrudishia daftari.

Wapo wanaomsifu kupita kiasi. Husema ndiye mtu wa kwanza Marekani kupata shahada hiyo, kumbe Irving Tang alipewa yake siku ileile huko St. Louis. Sista ni mwanamke wa kwanza, na hilo linatosha. Wengine humpa hata uvumbuzi wa lugha ya BASIC. Hiyo ni kazi ya John Kemeny na Thomas Kurtz wa chuo cha Dartmouth, ingawa naye aliwahi kufanya kazi katika kituo cha kompyuta cha chuo hicho, mahali palipokuwa pa wanaume.

Mwaka huohuo wa 1965 alianzisha idara ya kompyuta katika Chuo cha Clarke, Dubuque, akaiongoza kwa takriban miaka 20. Akina mama waliokosa wa kuwaachia watoto aliwaruhusu kuja nao darasani. Alifariki Dubuque tarehe 10 Januari 1985.