Kamerlingh Onnes: Bingwa wa baridi aliyeuondolea umeme kizuizi

KWA miaka mingi wanasayansi wa Ulaya walibishana juu ya jambo moja: ni nini kingeupata umeme ndani ya waya uliopozwa hadi kukaribia baridi ya mwisho kabisa, nyuzi 273 za Selsiasi chini ya sifuri. Lord Kelvin wa Uingereza alidhani elektroni zingeganda na umeme ungekwama. Wengine waliamini ukinzani wa waya ungepungua kidogo kidogo tu. Aliyelimaliza shauri hilo ni mtoto wa mwenye kiwanda cha matofali, Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes, na jibu alilolileta hakuna aliyekuwa amelitabiri.

Alizaliwa Septemba 21, 1853 katika mji wa Groningen. Alisoma hapo na huko Heidelberg, Ujerumani, na mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 29, akakabidhiwa uprofesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Leiden. Tangu siku za mwanzo alishikilia kwamba elimu ya kweli hupatikana kwa kupima.

Maabara nyingi za zama hizo zilikuwa vyumba vya profesa na wasaidizi wawili watatu. Onnes alijenga kitu kilichofanana zaidi na kiwanda, chenye pampu, mitambo na mafundi wa chuma na kioo. Mwaka 1901 alianzisha chama kilichoendesha mafunzo ya utengenezaji wa vyombo vya sayansi, na vijana wake wakafahamika kwa mavazi yao ya buluu.

Nusura yote hayo yazimwe na hofu ya wakazi wa mji. Mwaka 1807 meli iliyosheheni baruti ililipuka katikati ya Leiden na kuua watu wapatao 150, na maabara ilijengwa papo hapo palipoteketea. Mwaka 1895 wenye mamlaka walipobaini kuwa profesa huyo alikuwa akihifadhi gesi zilizoshindiliwa kwa nguvu kubwa, walimtaka asimame. Shauri hilo lilichukua takriban miaka mitatu. James Dewar wa London, mshindani wake mkubwa, aliandika kumtetea, jambo la kiungwana. Lakini ni katika kipindi hicho hicho, mwaka 1898, Dewar alipomtangulia kugeuza hidrojeni kuwa kimiminika.

Ilibaki heliamu, gesi sugu kuliko zote. Onnes aliipata kutoka katika mchanga wa monazaiti ulioagizwa Marekani kwa msaada wa ndugu yake, Onno. Julai 10, 1908 kazi ilianza alfajiri, ikiwa tayari zimeandaliwa lita 75 za hewa iliyogeuzwa kimiminika, na mchana zikapatikana lita 20 za hidrojeni. Jioni kipimajoto kiligoma kushuka zaidi. Mwenzake mmoja akashauri kwamba huenda tayari kilikuwa kimezama. Chombo kilipomulikwa kwa chini, uso wa kimiminika ukaonekana. Zilikuwa mililita 60, sawa na kikombe kidogo cha kahawa ya barazani, zenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Siku hiyo hapakuwa na mahali pengine duniani penye baridi kama hiyo.

Miaka mitatu baadaye, Aprili 8, 1911, ilikuja zamu ya zebaki, iliyochaguliwa kwa sababu ni rahisi kuisafisha hadi isibaki na takataka. Ilipofika karibu na nyuzi 269 chini ya sifuri, ukinzani wake haukupungua polepole, bali ulitoweka ghafla. Ilidhaniwa kwanza kuwa nyaya zimegusana, lakini majaribio yaliporudiwa matokeo yakawa yale yale. Baadaye bati na risasi pia zilionyesha tabia hiyo, na mwaka 1914 umeme ulizunguka kwa saa kadhaa katika duara la risasi bila betri.

Aliyekuwa kwenye vipimo siku hiyo ya Aprili ni msaidizi wake, Gilles Holst. Ripoti zilitoka kwa jina la profesa peke yake. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya wakati ule, lakini desturi haiifanyi kuwa haki. Holst alipata heshima yake kwingine, akawa mkurugenzi wa kwanza wa maabara ya utafiti ya kampuni ya Philips.

Onnes alitunukiwa Nobel mwaka 1913. Ndoto yake ya kutengeneza sumaku zenye nguvu kubwa kwa nyaya hizo ilikwama, kwani usumaku wenyewe uliua hali hiyo mapema mno. Maelezo kamili ya kinadharia yalisubiri hadi mwaka 1957, na sumaku zikaja kwa aloi za niobiamu. Ndizo zilizomo katika mashine nyingi za MRI hospitalini, na hupozwa kwa heliamu, gesi ambayo watafiti walitangaza mwaka 2016 kuwa ipo kwa wingi katika bonde la Rukwa, Tanzania.

Alifariki Februari 21, 1926. Inasimuliwa kuwa siku ya maziko ibada ilichelewa kumalizika, gari la maiti likaenda mbio kufidia muda, na mafundi wake wakalifuata kwa miguu huku wakitweta. Mmoja wao akasema mzee hajabadilika: hata akiwa jenezani bado anawakimbiza.