Wakili wa Wachache: Maisha ya Thurgood Marshall

Mimi nakaa Kangemi. Nikienda mjini kwa matatu napita Westlands, na zamani Wahindi wenye maduka pale nilikuwa nawaita wageni. Kumbe nilikosea! Siku moja babu ya mwanafunzi mwenzangu alinionyesha cheti chake cha uraia cha mwaka 1965, kisha akanitajia wakili mmoja Mmarekani. Nikaenda kumtafuta vitabuni.

Thurgood Marshall alizaliwa Baltimore mwaka 1908, katika ukoo uliotoka utumwani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilimaliza utumwa. Mwaka 1868 katiba yao ikaongezwa kifungu cha 14: aliyezaliwa huko ni raia, na sheria imlinde kila mtu sawasawa. Lakini wapi! Weusi waliendelea kutengwa. Marshall akasomea sheria, akakishika kifungu hicho kama ngao. Mwaka 1954 alishinda kesi kubwa, na shule za serikali za kutenga watoto kwa rangi zikapigwa marufuku.

Januari 1960, Tom Mboya alimwita awasaidie viongozi wetu. Alifika Nairobi wakati Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau ndiyo kwanza inaondolewa. Huko Kiambu wakoloni walimkataza kuingia mkutanoni. Akaomba kusema neno moja tu, akapaza sauti: Uhuru! Watu wakashangilia sana. Kisha akaenda London, kwenye mkutano wa Lancaster House, akaandika rasimu ya haki za raia wa Kenya.

Hapo ndipo aliponishangaza. Mweusi aliyebaguliwa na Wazungu kwao, huku kwetu alitaka Wazungu na Wahindi walindwe, kwa sababu walikuwa wachache. Katiba ya 1963 ikawa na sura ya haki, na Wahindi wengi wakapewa miaka miwili wajiandikishe kuwa raia. Mwaka huo huo Marshall alirudi, akamweleza Mzee Kenyatta wasiwasi wake kuhusu wafanyabiashara Wahindi waliokuwa wakibaguliwa.

Mwaka 1967 akawa mweusi wa kwanza kuwa jaji wa mahakama ya juu kabisa ya Marekani. Alifariki mwaka 1993.

Siku hizi, nikipita Westlands, neno wageni halinitoki tena mdomoni. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.